Ala za Bastola za Mama Tesha

Vijana mlionirithi ofisini mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi Guangzhou, na mmesisitiza nisisahau siri za mafanikio. Siri sina. Nilikuwa wakala wa bidhaa za ngozi. Mtu wa Dar akitaka mikoba au mikanda, namtafutia kiwanda, nakagua mzigo, nahakikisha unafika bandarini Huangpu na kupakiwa. Basi. Cheo changu kilipanda lini na nililipwa nini hayatawasaidia kitu. Nitawaeleza oda moja tu. Ndiyo iliyonifundisha kazi, na ndiyo pekee iliyonifikisha mikononi mwa polisi.

Nilifika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikapokewa na Bi Nasra, Mzanzibari aliyekuwa ametutangulia wengi kule. Siku ya kwanza alinipeleka Zhanxi, kwenye maduka ya jumla karibu na stesheni ya treni. Sikuwa nimemaliza hata kushangaa, rikwama la marobota likanigonga kisigino. Bi Nasra hakuniuliza kama nimeumia. Alisema, "Huku mwanangu, masikio huwekwa nyuma." Akaingia dukani, akachukua mkoba uliokuwa uking'aa kuliko yote, akaupindua ndani nje kama mtu anayesafisha utumbo wa mbuzi.

"Mkoba usiutazame uso," akaniambia. "Uso kila mkoba unao. Tazama tumbo."

Ndani nyuzi zilikuwa zimeachwa zinaning'inia, na bitana imebandikwa kwa gundi. Mwenye duka akapiga kelele. Bi Nasra akamrudishia mkoba wake ukiwa bado umepinduliwa, tukatoka. Vifaa alivyonikabidhi vilikuwa vitatu: futi ya fundi cherehani, sindano nene, na kiberiti. Futi ya kupimia, sindano ya kuchokonolea mshono. Kiberiti ni cha kuchomea uzi wa ngozi pembeni: ikinuka nywele ni ngozi, ikinuka kandambili ni plastiki. Kiberiti kilinifukuzisha madukani mara nyingi, lakini hakikuwahi kunidanganya.

Kichina nilijifunza cha sokoni. Neno "laoban," yaani bosi, nililijua kabla ya kujua kuomba maji. Nilijua kukataa kwa njia kumi na moja, ila nilipougua tumbo nilishindwa kumweleza daktari linauma wapi, nikamwonyesha kwa kidole kama niko kwenye bucha.

Bi Nasra aliporudi zake Unguja nikabaki peke yangu na ofisi ya chumba kimoja. Hapo ndipo alipoingia Mama Tesha. Alikuwa mjane wa Kichaga, mrefu, sketi ya kitambaa kizito, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Ungemdhania mwalimu mkuu aliyekuja kukagua vyoo. Akaketi, akakubali chai, akateremsha sauti.

"Dada Rukia, nimeambiwa wewe ni mwaminifu. Natafuta vitu vya kufichia bastola."

Chai ikanimwagikia mapajani. Niliinuka nikafunga mlango, nikakumbuka kuwa mlango uliofungwa ndio unaotia watu shaka, nikaufungua tena.

"Mama," nikamwambia, "nchi hii hata picha ya bastola hawaitaki. Ukipenda niagize makaa ya jehanamu, yanapatikana kirahisi zaidi."

"Mbona unatetemeka? Bastola ziko kwangu Dar, na leseni ninayo." Akaeleza taratibu. Marehemu mumewe alimwachia duka la silaha lenye vibali vyote. Wateja wake walikuwa wafanyabiashara wa madini, wenye vituo vya mafuta, watu wanaosafiri na fedha, kila mmoja na kibali chake. Bastola alikuwa nazo. Alichokosa ni ala, ule mfuko mgumu wa ngozi ambamo bastola hukaa ikiwa mwilini. Za kutoka Ulaya zilikuwa zimetengenezwa kwa watu wanaovaa makoti.

"Dar nani anavaa koti?" akauliza. "Bwana harusi tu, na yeye siku ile hahitaji bastola."

Akafungua mkoba akatoa karatasi tatu za kaki. Mnajua wateja wetu wanavyochora mguu wa mtoto kwenye karatasi wakutume viatu? Mama Tesha alikuwa amezilaza bastola tatu kwenye karatasi akazizungushia kalamu hivyo hivyo. Kubwa, ya kati, na ndogo. Nikazitazama kama mtu aliyeletewa nyayo za simba.

Siku ile nilipewa somo ambalo sikuliomba. Kila mwanamume anayeingia dukani kwake, alisema, huanza kwa kunyooshea kidole bastola kubwa kuliko zote. Yeye habishani naye. Humfunga mfano wake kiunoni, akamwambia akae kwenye kiti kifupi, ainame kama anasujudu, anyanyue kiroba cha mchele, apande na kushuka kwenye gari. Akimaliza jasho limemtoka na kishikio kimemchoma mbavu, mwenyewe ataomba ndogo.

"Kubwa utaivaa juma moja," akasema, "halafu utaiacha kabatini nyumbani. Sasa majambazi watakukuta njiani, wewe una leseni mfukoni na bastola iko na soksi."

"Basi wachukue hii ndogo kabisa," nikasema, nikigusa karatasi ya tatu.

"Hiyo inafichika vizuri mno. Ila kishikio hakijai mkono, vidole viwili vinabaki nje vinapunga upepo, na ikilia inaruka kama punda. Mtu haigusi tena kufanya mazoezi, na asiyefanya mazoezi ni bora abebe filimbi." Akagonga karatasi ya katikati. "Hii. Mkono unashika, shati linafunika."

Kuhusu mahali pa kuivaa alikuwa na msimamo kama wa padri. Kifundo cha mguu hakitaki, maana kuifikia ni lazima uiname mbele ya mtu anayekuibia. Kwapani ni kwa wenye makoti. Kwenye mkoba ndiko kubaya kuliko kote: mwizi akipora mkoba, umempunguzia mwenyewe usumbufu wa kutafuta silaha. Iliyobaki ni kiunoni, ndani ya suruali, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, shati likiwa nje. Ala iwe nyembamba isitokeze, ngumu isijikunje, na ifunike triga yote, kitu chochote kisiweze kuigusa.

Nikampeleka Shiling kwa basi, kule mji mzima unanuka ngozi na gundi. Nilimfahamu fundi mmoja, Laoban Liang, mzee mwembamba aliyeanza maisha kwa kushona hatamu za farasi na ambaye hajawahi kusema ndiyo kwa mara ya kwanza. Alizitazama karatasi zetu, akazigeuza, akatikisa kichwa.

"Karatasi haina tumbo," akasema. Alitaka umbo kamili la kuzungushia ngozi. Ala hutengenezwa kwa ngozi iliyoloweshwa, ikakandwa juu ya umbo, ikaachwa ikauke ikiwa imelishika. Bila umbo, hakuna ala.

Bastola hatukuwa nayo, wala hatukuwa wendawazimu wa kuitafuta. Hata ya mchezo niliogopa kuinunua. Mama Tesha akaniambia nisijali. Akanunua mche wa sabuni ya kufulia, akaazima kisu jikoni kwa mama mwenye nyumba ya wageni, na mchana mzima akachonga. Alikuwa na mkono mzuri ajabu. Kesho yake tulimpelekea Liang bastola ya manjano, imetimia kila kona, inanukia ndimu.

Liang akailowesha ngozi, akaizungusha, akakanda. Hatukuwa tumefikiri mbele. Ngozi ya maji juu ya sabuni ilianza kutoa povu. Kadiri alivyokanda ndivyo lilivyoongezeka, likapita katikati ya vidole vyake, likamwagika mezani. Mwisho bastola ikamchomoka mkononi, ikaruka kama samaki, ikaangukia kwenye ndoo ya gundi. Mafundi wa kike waliacha cherehani zao wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Liang akafuta mikono, akatutazama mmoja mmoja.

"Mikono yangu haijawahi kuwa safi hivi," akasema.

Yeye ndiye aliyetupatia njia. Jirani yake alichonga kalibu za viatu, yale maumbo ya miti ambayo kiatu hushonewa juu yake. Akachonga bastola ya mti kwa vipimo vya karatasi. Na kwa kuwa Liang alikuwa na familia na hakutaka kuulizwa maswali, akachukua rangi akaichora jicho pande zote mbili na mdomo wa manjano kwenye mtutu. Ikawa bata. Tangu hapo hakuna aliyetamka bastola. Tulisema bata, na kwa Kichina "yazi," hata kwenye simu.

Ala ya kwanza ilipokauka, Mama Tesha akataka ijaribiwe. Yeye asingeweza, alivaa sketi, na imani yake kuhusu sketi ilikuwa thabiti. Mimi chini ya baibui nilivaa suruali na mkanda. Basi nikawa mimi.

"Twende Zhanxi," akasema. "Penye msongamano ndipo pa kupimia."

"Mama Tesha, mimi ni mtu mzima nina watoto."

"Na mimi nina wateja. Twende."

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Nilikaa, niliinama, nilipanda ngazi. Nilianza hata kujisikia mtu hatari, nikawapita watu wa marikwama kwa madaha. Kisha rikwama moja likanisukuma ubavuni, mimi nikayumba, ala ikalala upande, na bata akatoka chini ya baibui akateleza sakafuni hadi kwenye viatu vya askari polisi.

Akamtazama bata. Bata akamtazama yeye kwa jicho lake moja. Watu wakarudi nyuma, duara likafanyika, nami katikati nimenyoosha mikono juu bila kuambiwa.

Kituoni walinikalisha kwenye benchi. Nilijieleza: ni kalibu, kama ya kiatu. Askari akauliza, kiatu cha nani chenye umbo hili? Mama Tesha, akidhani anasaidia, akatoa leseni ya duka lake, karatasi yenye mihuri na picha ya bunduki mbili zilizopishana juu kabisa. Askari hakujua Kiswahili wala Kiingereza. Picha aliielewa. Akaita mwenzake, mwenzake akaita mkubwa wao, na mimi nikaanza kufikiri nani atakuja kunifungia ofisi, na wanangu watawaambia nini watu Ilala. Hapo sikucheka. Mgeni akishikwa na jambo la silaha nchi za watu, hakuna ajuaye litaishia wapi.

Liang tulimpigia simu. Alikuja akiwa na karatasi za oda, kipande cha ngozi na aproni yake yenye gundi. Alieleza kila kitu kweli tupu: hawa wanawake wanauza kwao kwa wenye vibali, mimi nashona ngozi, hiyo ni mti. Mkubwa wa kituo, mtu mfupi mwenye kope za kusinzia, alisoma karatasi zote, akamgonga bata mezani mara mbili asikie sauti ya mti. Kisha akaniomba ala. Niliivua kwa aibu kubwa na kumpa.

Akaishika. Akaigeuza. Akatumbukiza bata, akamtoa, na mdomo wa ala ukafumba kama mfuko mtupu. Uso wake ukabadilika, na sura niliyoiona niliifahamu. Ni ile ya Bi Nasra mbele ya mkoba mbaya.

"Nani ameshona hii?" akauliza.

Liang akainua mkono kama mwanafunzi.

"Kazi mbaya." Akasimama, akatuonyesha ala yake mwenyewe kiunoni bila kugusa kilichomo. Mdomoni ilikuwa na ukanda wa ngozi ya pili ulioshonwa kuzunguka, ndiyo maana haikufumba. Na kwenye mkanda ilishikwa mahali pawili. Ya kwetu ilishikwa mahali pamoja tu, ndiyo maana ikalala. Alitueleza polepole, kama anayeeleza wajinga, na Liang akaandika kila neno nyuma ya karatasi ya oda. Akatufanya tuweke saini kwamba hatutatembea tena mjini na kitu cha umbo lile. Akatuachia. Bata akabaki naye, juu ya meza, kashikilia mafaili yasipeperushwe na feni.

Hivyo msidharau anayewakosoa, hata akiwa amewakamata.

Ala zilirekebishwa zikatoka nzuri. Shida ilikuja kwa mikoba. Mama Tesha pamoja na msimamo wake wote alikuwa ameagiza mikoba ya kike yenye mfuko wa siri, kwa sababu wateja wake wanawake walimsumbua. Tulikubaliana mfuko uwe na ganda gumu la ngozi, lishonwe imara, lizibe triga kabisa, na uwe na zipu yake peke yake. Liang alikuwa na kazi nyingi, ushonaji wa mikoba akawapa watu wa karakana nyingine. Mzigo uliporudi, meli yetu ilikuwa imebakiza siku mbili. Kwa nje mikoba ilipendeza mno. Mama Tesha alikwisha kuchagua wa kwake.

Nikaupindua mmoja tumbo nje. Ganda gumu halikuwamo. Mfuko wa siri ulikuwa bitana tu, laini kama mfuko wa pajama. Nikatia bata wa pili, maana Liang alikuwa amechongesha mwingine, nikatia na funguo zangu, kalamu na kitana kama mkoba wa mwanamke yeyote. Nikautikisa, nikauweka begani, nikatembea. Nilipofungua, ufunguo wa ofisi yangu ulikuwa umesukuma bitana na kuingia penye triga.

"Huu mzigo hauendi," nikasema.

"Dada Rukia, meli inaondoka."

"Iende salama."

"Nimeshawaahidi watu! Na wateja wangu ni watu wazima, nitawaambia wasitie funguo."

"Na mtoto anayetafuta peremende kwenye mkoba wa mama yake, yeye utamwambia lini?"

Akanijia juu. Alisema mimi ni wakala, si mama yake. Kwamba nimekuwa mwoga tangu siku ya polisi. Kwamba atatafuta wakala mwingine anayejua kuwa mteja ni yeye. Nilimjibu atafute. Alikuwa mteja mkubwa kuliko wote niliokuwa nao, na Bi Nasra hakunifundisha namna ya kumfukuza mteja. Nilichofanya ni kumwekea mkoba ule magotini, wazi, ufunguo ukiwa pale pale ulipo.

Akautazama. Akavaa miwani. Akavua miwani. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, lakini machozi yalikuwepo pia.

"Unajua marehemu mume wangu alichechemea miaka tisa ya mwisho?"

"Pole. Sikujua."

"Mtaa mzima unajua alipigwa risasi na majambazi. Alisimulia vizuri, dada, walikuwa watatu, kila mwaka wakaongezeka. Mwisho walifika saba." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio wangu. "Hakukuwa na jambazi. Aliichomeka kiunoni hivi hivi bila ala, akaenda kanisani, akaketi kwenye benchi. Ikamlipukia kalioni katikati ya matangazo. Mchungaji akalala chini, kwaya ikatokea dirishani. Mimi ndiye niliyeapa kutosema, na sijasema mpaka leo. Ndiyo maana natafuta ala."

Nilijaribu kujizuia kwa heshima ya marehemu. Sikuweza. Tulicheka mpaka Liang akaja kutazama kuna nini, na ilikuwa vigumu kumfasiria kwa Kichina cha sokoni, hivyo nikamwonyesha kwa kidole palipopigwa. Akaelewa mara moja.

Meli ikaondoka bila sisi. Mifuko ya siri tukaifumua yote, mikoba ibaki mikoba ya kawaida. Siku tatu tulikaa kwenye vigoda pale karakanani: Liang, Mama Tesha, mimi na sindano yangu, na wale mafundi wa kike. Mama Tesha na Liang hawakuwa na lugha moja, lakini kufikia siku ya pili walikuwa wanagombana kuhusu namna ya kushika mkasi. Liang hakuomba msamaha kwa mdomo. Alileta chakula cha mchana siku zote tatu, na akahakikisha hakuna nyama ya nguruwe kwenye bakuli langu. Mzigo ukapanda meli iliyofuata, ala peke yake na mikoba peke yake, kila kimoja nimekipindua kwa mkono wangu.

Miezi ikapita kimya. Nyinyi mnakijua kimya cha mteja. Ni kibaya kuliko matusi. Nilipochoka nikapiga simu Dar.

"Mama Tesha, vipi zile ala?"

"Kimya," akasema.

"Kimya vipi? Hazitoki?"

"Zilikwisha zote ndani ya miezi miwili, nataka nyingine. Nakwambia kimya, Rukia. Wateja wangu wanainuka, wanakaa, wanaendesha gari, wanasali. Wanaingia hapa kunisalimia na kuondoka." Nilimsikia akiketi, kiti kikilia. "Na wote wanatembea wamenyooka."